Kufunga keria ya baiskeli kwenye bodi la pikapu: pima kwanza, toboa mwisho

Mvua zikishakatika na watu wakaanza kupanga safari za baiskeli, maswali ni yale yale. Baiskeli ya inchi 29 inaingia kwenye bodi la dabo kebini? Ni lazima nitoboe? Keria iliyotengenezwa kwa ajili ya pikapu za Marekani itanifaa? Kamba za mpira hazitoshi? Mara nyingi anayeuliza ameshanunua kitu ambacho hakilingani na gari lake wala baiskeli yake, na muuzaji hakirudishi. Kwa hiyo nimeyapanga majibu yote hapa, kwa mtu ambaye hajawahi kufunga chochote kwenye bodi zaidi ya magunia.

Ninazungumzia pikapu tunazoziona kila siku: Hilux, D-Max, Ranger, L200, Navara. Na ninazungumzia barabara zetu, yaani lami yenye matuta kila kijiji, kisha vumbi na makorongo. Barabara ndiyo inayoamua karibu kila kitu hapa. Mwendo wa gari peke yake hauiumizi baiskeli. Kinachoiumiza ni mtikisiko mdogo mdogo wa saa kadhaa mfululizo, huku vumbi likiwa limeingia kati ya vitu viwili vinavyogusana. Vumbi hilo linafanya kazi ya msasa. Mahali popote fremu inapoegemea kitu, hata kitambaa laini, rangi inalika. Keria nzuri ni ile inayoishika baiskeli kwenye ekseli na kwenye tairi, na kuiacha fremu bila kuguswa na chochote.

Anza na ekseli ya mbele

Kabla ya kuuliza bei, inama uangalie ekseli ya mbele ya baiskeli yako. Utakuta moja kati ya hizi tatu.

Ekseli ya nati. Ndiyo ya Phoenix na baiskeli nyingine za kazi. Inafunguliwa kwa spana pande zote mbili. Vishika uma vya dukani, yaani vifaa vinavyobana miguu ya uma wa mbele gurudumu likiwa limetolewa, mara nyingi haviikubali, lakini ina dawa yake nitakayoieleza kwenye hatua ya 4.

Ekseli ya kufyatua. Ina mkono mdogo upande mmoja, unaufungua kwa vidole. Nafasi kati ya miguu miwili ya uma ni milimita 100, na mipasuo ya uma hukaa kwenye kipenyo cha milimita 9. Kishika uma cha kawaida kimetengenezwa kwa ajili ya hii.

Ekseli nene ya kuskrubu. Inapita ndani ya tundu kamili, na inajikaza kwenye nyuzi zilizo upande wa pili wa uma wenyewe. Vipimo vinatofautiana: 12 kwa 100 kwenye baiskeli za mbio zenye breki za diski, 15 kwa 100 kwenye baiskeli za milimani za miaka iliyopita, 15 kwa 110 kwenye zile mpya zaidi, na 20 kwa 110 kwenye zile nzito za kushuka milima. Namba ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni upana wa uma, zote kwa milimita. Kishika uma cha 100 hakifai kwenye uma wa 110. Usikubali kuambiwa "utaukaza tu utashika". Ukiukaza utaipinda miguu ya uma.

Aina za keria

Ya kwanza ni mto wa mlango wa nyuma. Ni pedi nene inayovishwa juu ya mlango wa bodi. Gurudumu la mbele linaning'inia nje, la nyuma linabaki ndani. Marekani inapendwa sana kwa sababu unapakia baiskeli nne au tano kwa dakika chache. Kwa lami safi na safari fupi haina ubaya. Kwa barabara ya vumbi siishauri kabisa, kwa sababu bomba la chini la fremu linalalia pedi njia nzima. Nimeona fremu ya aluminiamu iliyolika rangi yote mahali palipogusa pedi, ikabaki chuma kitupu kinachong'aa.

Ya pili ni nguzo ya kutanuka: bomba la aluminiamu linalobana kuta mbili za bodi, na juu yake kuna vishika uma. Haihitaji kutoboa na inatoka kwa dakika moja. Angalia mambo mawili kabla ya kununua. Kwanza, kipimo cha chini kabisa cha kutanuka, kwa sababu nyingi zimetengenezwa kwa pikapu kubwa za Marekani ambazo bodi zake ni pana kuliko zetu. Pili, kama bodi lako limevaa plastiki ya kulinda rangi, nguzo inabana plastiki na haifiki kwenye chuma. Plastiki inajikunja kidogo kidogo, na baada ya kilomita kadhaa za makorongo nguzo inalegea.

Ya tatu ni ubao wenye vishika uma. Mbao moja nene inalala sakafuni karibu na kebini, vishika uma vimekazwa juu yake kwa bolti, na mbao yenyewe imefungwa kwenye pete za bodi. Hii ndiyo ninayomshauri karibu kila anayeanza. Ni rahisi, iko chini, haiguswi na upepo, na kitu kikivunjika unakipata kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi. Hatua zote hapa chini ni zake.

Ya nne ni fremu ya chuma ya kuchomelea. Inamfaa anayebeba watalii na baiskeli kila siku. Kwa mtu wa safari za Jumapili ni gharama na uzito wa bure.

Hesabu ya urefu

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tulia kidogo.

Bodi la dabo kebini lina urefu wa takriban mita 1.5 ndani, mlango ukiwa umefungwa. Singo kebini ni takriban mita 2.3. Bodi fupi la Ford F-150 ya Marekani lina takriban mita 1.7, na zile sentimita 20 za ziada ndizo zinazofanya keria iingie vizuri kule na ikwame hapa.

Baiskeli ikiwa imetolewa gurudumu la mbele, urefu unaohesabika ni kutoka ekseli ya mbele hadi mwisho wa tairi la nyuma. Ya mbio ni kama mita 1.35. Ya milimani ya inchi 29 ni kama mita 1.55 hadi 1.6. Ongeza sentimita 15 za nafasi kati ya kishika uma na ukuta wa mbele wa bodi. Ya mbio inafika mita 1.5, yaani inaingia kwa kubana. Ya milimani inafika mita 1.7 au zaidi, na haiingii ikisimama wima kuelekea mbele.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuviweka vishika uma kwa mshazari, karibu nyuzi 30, ili baiskeli ilale kutoka upande mmoja wa bodi kwenda mwingine. Hivyo mita 1.7 zinaingia kwenye bodi la mita 1.5 na mlango unafungwa. Bodi litabeba baiskeli mbili sambamba. Ya pili ni kuacha mlango wa nyuma wazi na tairi za nyuma zikae juu yake. Hiyo inabeba tatu au nne, lakini vumbi linaingia kwa wingi, na kama namba ya gari iko kwenye mlango, itakuwa inaangalia chini. Trafiki ana haki ya kukusimamisha.

Mwenye singo kebini aruke yote haya. Kwake hata Phoenix yenye magurudumu yote mawili inaingia ikiwa imenyooka.

Mahitaji

- Mbao ya inchi 2 kwa 6, kavu na isiyopinda. Paina iliyotiwa dawa inatosha. Mtiki na mninga ni bora lakini si lazima.
- Kishika uma kimoja kwa kila baiskeli, cha kipimo cha ekseli yako.
- Bolti za M8, yaani za kipenyo cha milimita 8, zenye nati za kujifunga, na washa pana kwa kila bolti, juu na chini.
- Flatibaa (vipande bapa vya chuma) mbili za unene wa milimita 5, urefu wa kama sentimita 20 kila moja.
- Mikanda ya kufungia mzigo yenye bakoli (bizimu) ya kukazia, upana wa sentimita 2.5, mmoja kwa kila gurudumu la nyuma.
- Raba ya kukata, kama ya mkeka wa gari au tairi kuukuu.
- Rangi ya kuzuia kutu na rangi ya mbao ya nje.
- Drili, msumeno, spana ya 13, tepu ya kupimia, chaki, kipande cha kadibodi.
- Mnyororo na kufuli.

Nguvu ya pili ya mikono inahitajika kwenye hatua ya 2. Tafuta mtu.

Hatua kwa hatua

1. Safisha bodi na upime. Fagia, osha, acha likauke. Pima upana wa ndani sehemu tatu: karibu na kebini, katikati, na kati ya vifuniko viwili vya magurudumu vinavyojitokeza ndani. Nafasi hiyo ya mwisho kwa pikapu nyingi za saizi hii ni kama mita 1.1, lakini usiamini namba yangu wala ya mtu yeyote. Amini tepu yako. Kama kuna plastiki ya kulinda rangi, pima ikiwa ndani. Kisha tafuta pete za kufungia mzigo. Pikapu nyingi za karibuni zina pete nne za ndani, moja kila kona. Nyingi za zamani zina ndoano za kamba nje tu.

2. Jaribu baiskeli yenyewe. Toa gurudumu la mbele, ingiza baiskeli kwenye bodi, weka miguu ya uma juu ya kipande cha mbao cha urefu wa sentimita 10 hivi. Mwenzako aishike imesimama. Sasa funga mlango wa nyuma. Uma ukishuka hivyo, usukani unasogea mbele na unakaribia kioo cha nyuma cha kebini. Pima nafasi kati ya mkono wa breki na kioo: isipungue sentimita 10. Kebini na bodi ni vipande viwili tofauti, kila kimoja kimekaa juu ya chesisi kivyake, na kwenye makorongo vinayumba kila kimoja upande wake. Sentimita 3 unazoziona gari likiwa limesimama zinaweza kuisha barabarani.

Weka alama ya chaki chini ya kila ekseli. Kama unabeba baiskeli mbili, ingiza zote mbili. Usukani wa baiskeli ya milimani ni kati ya sentimita 72 na 80, na mbili zikiwa sambamba zitagongana. Dawa ni kuinua uma mmoja kwa kipande cha mbao cha sentimita 10 hadi 15 ili usukani wake upite juu ya mwenzake. Acha kama sentimita 45 kati ya uma na uma.

3. Kata mbao. Urefu wake uwe pungufu ya upana wa ndani kwa sentimita 1. Mbao ikibana sana kuta, itasukuma bati. Lainisha kona kwa msasa. Gundisha raba chini yake, mwanzo hadi mwisho, ili isilie na isikwaruze sakafu.

4. Andaa vishika uma. Ukivipata dukani vya kipimo chako, nunua. Ukivikosa, viko vya kutengeneza.

Kwa ekseli nene ya milimita 15, bomba la maji la chuma la nusu inchi lina tundu la kama milimita 16, na ekseli inapita vizuri kabisa. Kwa ekseli ya milimita 12, bomba la tatu ya nane ya inchi linafaa vilevile. Kata kipande cha milimita 100 au 110 kulingana na uma wako. Ncha mbili ziwe zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Hapo ndipo uma unapobanwa. Mpe fundi wa kuchomelea akichomelee juu ya kipande cha engo (chuma cha pembe) chenye matundu mawili ya bolti. Kama bomba ni lile la mabati, mwambie akwangue zinki kwanza mahali pa kuchomelea na afanyie kazi nje, kwa sababu moshi wa zinki unamletea homa.

Kwa ekseli ya kufyatua na ekseli ya nati, njia nzuri zaidi ni habu kuukuu, yaani kitovu cha gurudumu. Nenda kwa fundi baiskeli, muombe habu ya mbele iliyotolewa kwenye rimu mbovu. Anazo ndani ya ndoo. Chukua ya aina ile ile ya baiskeli yako, ikiwa na ekseli yake. Uibane juu ya mbao kwa vibanio viwili vya bomba, uma unakaa juu yake kama unavyokaa kwenye gurudumu. Kwa Phoenix hii ndiyo njia ya uhakika, maana upana na unene wa ekseli vinalingana bila kukisia.

5. Toboa mbao na ukaze vishika uma. Hamisha alama za chaki kwenye mbao. Kama unaweka kwa mshazari, tengeneza pembe ya nyuzi 30 kwa kadibodi, ipange juu ya mbao, fuata mstari. Toboa matundu ya M8 kupita upande wa pili. Upande wa chini chimba kishimo cha kuficha kichwa cha bolti, ili mbao ikae sawa sakafuni. Bolti zipite chini kwenda juu, nati zibaki juu unapoweza kuzifikia.

Usitumie skrubu za mbao. Mtu ataona zimeshika sana siku ya kwanza, lakini mtikisiko unazilegeza na kulitanua tundu, na huna njia ya kujua mpaka kishika uma kinyanyuke. Kaza mpaka washa ianze kuzama kidogo kwenye mbao, kisha acha.

6. Paka rangi. Matundu yote, ncha zote za mbao, na chuma chote kilichochomelewa. Ncha za mbao ndizo zinazonyonya maji. Zipake mara mbili. Subiri ikauke kabisa.

7. Funga mbao kwenye bodi bila kutoboa. Fungua bolti za pete mbili za mbele. Zipeleke dukani upate za uzi ule ule lakini ndefu zaidi kwa unene wa flatibaa. Kunja flatibaa ifuate ukuta na kuja juu ya mbao, toboa, ingiza ncha moja nyuma ya pete na ncha ya pili ikazwe kwenye mbao. Rudisha pete mahali pake. Mbao sasa imeshikwa na bolti za kiwanda, na ukitaka kubeba mchanga kesho unafungua nati mbili tu.

Kama pete ni za kuchomelewa na hazifunguki, tumia mikanda mifupi miwili, mmoja kila upande, kuibana mbao kuelekea chini na mbele. Inafanya kazi, ila inahitaji kukaguliwa kila safari.

8. Ukilazimika kutoboa bodi. Hii ni kwa bodi lisilo na pete ndani. Ingia kwanza chini ya gari na tochi. Huko kuna mabomba ya breki, nyaya za taa, na kwa kawaida tangi la mafuta upande mmoja wa chesisi, chini ya sehemu ya mbele ya bodi au ya kiti cha nyuma. Weka alama kwa juu na kwa chini, pima kutoka ukingo ule ule, hakikisha ncha ya drili haitatokea kwenye kimojawapo. Ukiwa na shaka sogeza tundu.

Toboa tundu dogo kwanza, kisha la M8. Kwangua kingo, paka rangi ya kuzuia kutu kwenye chuma kilichobaki wazi, iache ikauke, ndipo uingize bolti. Chini weka bamba la chuma la kama sentimita 5 kwa 5. Washa peke yake itapasua bati la sakafu. Na fagia chenga zote za chuma zilizodondoka. Zikipata mvua moja zinashika kutu na kuacha madoa mekundu yasiyotoka kwenye rangi ya bodi.

9. Panda baiskeli. Toa gurudumu la mbele. Kama breki ni za diski za mafuta, ingiza kipande cha plastiki au kadibodi ngumu kati ya brekipedi mara moja, kabla ya kufanya lolote jingine. Mtoto akiugusa mkono wa breki wakati diski haipo, pedi zinakutana na hazirudi zenyewe.

Weka uma kwenye kishika uma na uhakikishe umekaa hadi mwisho pande zote mbili kabla ya kukaza. Ule mkono wa kufyatua uwe mgumu kiasi cha kuacha alama kwenye kiganja unapoufunga. Ukifunga kwa kidole kimoja, bado haujakaza.

10. Funga gurudumu la nyuma. Mkanda unapita kwenye rimu na kushuka kwenye pete ya nyuma ya bodi. Usipitishe kwenye fremu, hasa ya kaboni, ambayo inaweza kupasuka kwa kubanwa bila kuonyesha ufa kwa nje. Usiukaze mpaka tairi libonyee. Kazi yake ni kulizuia lisiruke na lisiende pembeni. Ncha ya mkanda inayobaki ifungwe fundo. Ikipeperuka itaichapa rangi safari nzima.

Vipande vya tyubu, vile wanavyofungia mizigo waendesha bodaboda, ni vizuri kwa kushikilia gurudumu la mbele lililotolewa au kuzuia pedali isizunguke. Visiwe ndivyo vinavyoishika baiskeli. Mpira unavutika, gari likipiga tuta baiskeli inaruka, na inaporudi inarudi kwa nguvu.

11. Gurudumu la mbele na vitu vidogo. Lilaze gurudumu sakafuni, diski ikiangalia juu, ulifunge peke yake. Toa taa, chupa, pampu na simu. Pitisha mnyororo kwenye fremu zote na kwenye pete ya bodi, kisha kufuli. Kishika uma kinafunguliwa na mtu yeyote kwa sekunde mbili kwenye foleni.

12. Jaribu karibu na nyumbani. Endesha kilomita 10 kwenye barabara mbaya kuliko utakayopita. Simama, shika kila kiti cha baiskeli uitikise, kaza kila nati. Mbao mpya inalala kidogo chini ya washa, kwa hiyo nati zitakuwa zimelegea hata kama ulizikaza vizuri. Rudia baada ya safari ya kwanza ndefu.

Makosa yanayorudiwa

Kupakia baiskeli juu ya mizigo. Begi na jerikeni zinasogea, baiskeli inakosa pa kukanyaga, na mkanda uliokuwa umekaza unalegea bila mtu kuugusa. Baiskeli iingie kwanza, mizigo ifuate, na kitu kizito kisiegemee spoki.

Kubeba baiskeli ya umeme kwenye kishika uma cha aluminiamu chembamba. Nyingi zina kilo 20 hadi 25 au zaidi, wakati ya kawaida ya milimani ni kilo 12 hadi 15. Toa betri uiweke ndani ya kebini, na tumia kishika uma cha chuma.

Kuosha vumbi la safari kwa kusugua na kitambaa kikavu. Mwaga maji kwanza. Na usipulize mafuta ya cheni karibu na diski. Tone moja kwenye brekipedi linatosha kuiua breki.

Ikigoma

*Baiskeli inayumba kulia na kushoto.* Shika mguu wa uma utikise. Kama uma unacheza kwenye kishika uma, kaza ekseli. Kama kishika uma kinacheza na mbao, kaza bolti za M8. Kama mbao yote inacheza, tatizo liko kwenye flatibaa au raba imebanduka. Anza na uma kila mara, ndio mkosaji wa kawaida.

*Kuna mlio wa kugonga usiojulikana unatoka wapi.* Mara nyingi ni bakoli ya mkanda ikigonga ukuta wa bodi, au mlango wa nyuma wenyewe. Funga bakoli kwa kipande cha tyubu. Mlango ukiwa na nafasi, gundisha raba kwenye ukingo wake.

*Uma hauingii.* Pima tena upana. Tofauti ya milimita 1 au 2 kwenye kishika uma cha kuchomelea inaondolewa kwa tupa. Tofauti ya milimita 10 ina maana umenunua cha 110 kwa uma wa 100, kirudishe.

*Mkono wa breki umekuwa mgumu na diski haiingii.* Pedi zimekutana. Ingiza kitu kipana kisicho na ncha kali, kama liva ya plastiki ya kufungulia tairi, uzisukume taratibu zirudi pande zote mbili sawasawa. Kama ni bisibisi tu uliyonayo, ifunge kitambaa safi kisicho na mafuta.

*Gurudumu limerudishwa, sasa diski inasugua.* Baiskeli isimame chini kwa uzito wake, fungua ekseli, bonyeza usukani kuelekea chini ili uma ukae sawa, kaza tena. Usianze kuchezea skrubu za breki kabla ya kufanya hivyo.

*Usukani umegusa kioo.* Sogeza kishika uma nyuma, au legeza bolti za shingo ya usukani na uuzungushe upande ule wa nyuma kabla ya safari. Ukifika, unyooshe na uukaze kabla mtu hajapanda.

*Bodi linashika kutu kuzunguka bolti.* Rangi haikuingia ndani ya tundu. Toa bolti, kwangua hadi chuma cheupe, paka, acha ikauke usiku mzima, rudisha na tone la silikoni chini ya washa.

*Mbao imepasuka kwenye mstari wa bolti.* Matundu mawili yalikuwa kwenye mshipa mmoja wa mbao. Usiibandike kwa gundi. Kata nyingine, tumia ya zamani kama kiolezo, na safari hii tundu moja lisogee sentimita 2 pembeni ya lingine.